Nilimlisha Mume Wangu Magadi, Nikamdanganya Mkwe Kilo

Nilimlisha mume wangu magadi nikijua. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia kabla hujasikia yote. Sikukosea kwa kutojua. Niliambiwa, nikaonyeshwa kwa kidole, nikaitikia "sawa", halafu nikafanya.

Na sababu yenyewe ni wivu. Ndiyo, wivu! Mimi mwanamke wa miaka sabini na mbili, meno mawili ya mbele hayapo, nina wajukuu kumi na tisa na kitukuu kimoja, nilimwonea wivu mke wa mwanangu. Cheka. Ukimaliza kucheka unisikilize.

Jina langu sisemi. Tunakaa upande wa magharibi wa Mlima Meru, huku juu kwenye migomba, ukiteremka ndiyo unafika Arusha mjini. Sisi ni Waarusha, watu wa ng'ombe na jembe, Walutheri. Shule niliishia darasa la nne, lakini nimezaa saba na wote wamesoma wakanipita. Ukifika huku ukaulizia nyumba yenye migomba iliyonyooka mistari, utaletwa kwangu. Ile migomba nilipanda mimi. Mume wangu alikuwa na ng'ombe wake na mdomo wake, basi.

Miaka hamsini na mmoja nimempikia yule mwanaume. Hamsini na mmoja! Hakuna mkono mwingine uliomlisha isipokuwa misibani na harusini.

Halafu moyo wake ukaugua.

Ilianza na viatu vya kanisani. Vikagoma kuingia. Nikamwambia vimesinyaa kwa mvua. Halafu akawa hawezi kulala chali, anakabwa, mpaka umwekee mito mitatu mgongoni. Kikohozi kikavu hakiishi. Akitoka zizini kuja mlangoni anasimama mara mbili, anajifanya anautazama mlima. Mlima ameuona tangu azaliwe, anautazama nini?

Hospitali wakambandika waya kifuani, wakampima. Daktari alikuwa mpole, akatueleza taratibu. Alisema moyo wa mzee umechoka kusukuma damu, na huu ni ugonjwa wa kukaa nao, si wa kumeza dawa wiki moja ukapona. Juu ya hapo, moyo wenyewe hauendi kwa mpangilio. Vile vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kupiga. Akanishikisha mkono wa mume wangu hapa chini ya kiganja, akasema, "Haya mama, hesabu."

Nikahesabu. Moja, mbili... kimya. Tatu nne tano sita, haraka haraka. Kimya tena. Kama mlevi anapanda ngazi!

"Magonjwa haya mawili yanasukumana," daktari akasema. "Moyo ukichoka, mapigo yanavurugika. Mapigo yakivurugika, moyo unazidi kuchoka."

Akatupa dawa ya kukojoa maji, dawa ya kutuliza mapigo, na dawa ya kuzuia damu isigande, maana damu ikizubaa ndani ya moyo unaotetemeka inaweza kuganda ikapanda kichwani. Chumvi akasema basi. Na kila asubuhi, akishakojoa, kabla ya chai, mzee apande kwenye mzani. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu, hayo si mafuta, ni maji. Tupige simu siku hiyohiyo.

Nani apige simu? Hapo ndipo alipoingia yeye.

Mke wa mwanangu wa tano ni Mchaga. Wanakaa Njiro, huko mjini, nyumba ya ukuta na geti. Anafanya kazi ofisi ya watalii. Si nesi. Narudia, si nesi! Lakini siku ile kwa daktari alitoa daftari kwenye mkoba akaandika kila neno. Akauliza maswali ambayo mimi hata sikujua kama yapo. Dawa hii akitapika tumpe tena? Akiwa na safari afanyeje? Daktari akaacha kuniangalia mimi, akawa anamwangalia yeye. Mimi nimekaa pale na khanga zangu kama mzigo unaosubiri gari.

Na kuna jambo lingine. Kwetu, baba mkwe akimpa mke wa mwanawe mnyama siku anapoingia nyumbani, wanaitana kwa zawadi ile siku zote. Huyu alipewa kondoo, kwa hiyo yeye na mume wangu wanaitana Paker, yaani wa kondoo. Ni heshima tu, ni ya kawaida. Wakwe wengine nao walipewa wanyama wao na sikuwahi kuumia. Lakini tangu mzee augue, Paker huyu akawa wa kila saa. Paker amesema niweke miguu juu. Paker amesema maji nisizidishe. Mimi nikimwambia weka miguu juu, anageuka kiziwi!

Siku alipoleta mzani ndiyo siku niliyoumia hasa. Ilikuwa Jumamosi mchana. Mume wangu amekaa nje kwenye kiti chake. Mkwe akapiga magoti, akasema, "Baba, samahani, naomba niangalie miguu." Akashika mguu! Akaubonyeza kwa dole gumba hapa mbele kwenye mfupa!

Jamani. Kwetu mke wa mtoto hata kupita nyuma ya kiti cha baba mkwe wake anajikunja. Huyu ameshika mguu, mbele yangu, mchana kweupe.

"Ona Paker, shimo limebaki," akasema. Na kweli, pale alipobonyeza palibaki shimo kama kidole kilichoingia kwenye kinyunya.

"Panda maharage hapo," mume wangu akamjibu.

Wakacheka. Wote wawili! Mume wangu hajacheka na mimi vile tangu mwaka ule ndama wa jirani alipotumbukia chooni kwa mchungaji. Nilisimama mlangoni na sufuria mkononi, nikahisi kitu kinapanda kutoka tumboni kama kiungulia. Nikasema moyoni, huyu hajaja kuuguza. Amekuja kuchukua.

Basi wakati ule miguu ilikuwa imejaa, ikabidi aende akae Njiro wiki mbili, karibu na kliniki. Mimi nikabaki na ng'ombe. Akarudi amepungua, miguu imekuwa miguu yake ya zamani, anatembea bila kuutazama mlima. Nilipaswa kumshukuru Mungu. Nikapika ndizi na maharage, bila chumvi, kama nilivyoagizwa. Akala vijiko viwili akasukuma sahani.

"Kule Njiro," akasema, "Paker anaweka limau na kitunguu saumu na bizari kidogo. Ukila hukumbuki chumvi."

Wee! Nilitoka nje nikawafokea kuku mpaka jirani akachungulia.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mtu mwenye akili angempigia mkwe amuulize, limau unaweka wakati gani? Dakika moja tu. Mimi nikaona bora nimeze mawe.

Mkwe mwenyewe alinionya kuhusu magadi. Siku alipomrudisha mzee aliingia jikoni kwangu, kwa heshima, akaona kikopo changu juu ya kabati.

"Mama, na magadi pia hapana," akasema, akakielekezea kidole. "Ni yaleyale tu, yanavuta maji mwilini kama chumvi. Mimi mwenyewe nimekulia Uchagani, kiburu chetu cha ndizi na maharage bila magadi sijui kukila. Lakini Baba asiguse kabisa."

"Sawa."

"Na akiongezeka tena kilo, Mama, nadhani ahamie kwetu moja kwa moja. Kule daktari yupo karibu. Na wewe utakuja."

Alisema kwa upole, leo najua. Siku ile nilisikia maneno mawili tu, ahamie kwetu. Na lile la mwisho, eti na wewe utakuja. Nitakuja wapi? Nikae kwenye kochi la mwenzangu nisubiri kupewa chai?

Makande bila magadi yanakuwa magumu, mahindi kama changarawe. Hilo ndilo nililojiambia Jumatatu moja nilipokuwa nakoka moto. Nikajiambia chumvi nimekatazwa na daktari, magadi nimekatazwa na Mchaga. Ona akili ya wivu ilivyo. Nikachukua bonge dogo, kama punje ya mahindi, nikalitupia kwenye sufuria.

Mume wangu akala. Akaongeza. Akafuta sahani kwa kidole.

"Leo umepika," akasema.

Leo umepika! Miezi minne sijalisikia neno lile. Nilijisikia msichana. Nilitamani simu ilie, Njiro wasikie sahani inavyolambwa.

Kesho yake nikaweka bonge kubwa kidogo. Keshokutwa nikaweka na kwenye maharage.

Sasa lile jambo la kilo. Mume wangu macho yana mtoto wa jicho, mshale wa mzani hauoni. Anapanda, anasimama wima kama askari, mimi ndiye ninayesoma. Mkwe anapiga saa moja asubuhi kila siku, hajawahi kukosa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba."

"Mmeamkaje? Baba amepanda mzani?"

"Amepanda."

"Ngapi leo?"

Alipotoka Njiro alikuwa kilo sitini na nne. Siku ya kwanza sitini na nne, ya pili sitini na nne. Siku ya nne ya magadi mshale ukasimama kwenye sitini na sita. Niliuangalia. Nikainama nikauangalia tena. Nikamwambia mzee shuka, panda upya. Sitini na sita.

Simu ikalia palepale.

"Ngapi leo, Mama?"

Nikaona gari lao linapanda kilima kwetu. Nikaona nguo zake zinakunjwa. Nikaona limau.

"Sitini na nne," nikasema.

"Hongera Mama! Yaani unamtunza kuliko mimi nilivyomtunza."

Bora angenitukana, pengine ningezinduka. Alinisifu! Nami nikaibeba ile sifa nikatembea nayo mpaka kisimani na kurudi. Sifa ya uongo, lakini tamu kama ya kweli.

Uongo wa kwanza ulinitoa jasho. Wa pili haukunitoa kitu. Sitini na saba nikasema sitini na nne. Sitini na nane nikasema sitini na nne na nusu, ili nusu ile inifanye nionekane mkweli. Ona ujanja wa mtu wa darasa la nne!

Mashavu yake yakajaa. Wamama wenzangu wa jumuiya wakaja kumsalimia, wakasema, "Mzee amenenepa! Unampa nini?"

"Mkono wangu," nikajibu. Kwa maringo. Nilisimama pale nikiwatazama wote machoni.

Sikuwa kipofu, nisikudanganye na wewe. Nilimwona anafungua mkanda tundu moja, halafu la pili. Niliona mito imerudi kuwa mitatu. Niliona hafiki zizini tena, anawaita ng'ombe kwa mdomo akiwa amekaa. Siku moja nilimshika mkono nikahesabu kama daktari alivyonifundisha, nikakuta mapigo yanatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe, hayahesabiki. Nikasema kesho naacha. Kesho yake akaniuliza, "Leo kuna makande?" Nikaweka tena.

Siku kumi na moja. Nazijua moja moja.

Alhamisi, kama saa nne asubuhi, wifi yangu, dada yake mume wangu, alikuja kumjulia hali. Mume wangu yuko nje kwenye kiti. Wifi akamsalimia, mume wangu akafungua mdomo kumwitikia, na salamu haikutoka. Ikatoka sauti kama maji yanachemka ndani ya birika lililofunikwa. Midomo ikawa ya rangi ya majivu. Akanishika khanga akavuta, macho yamemtoka, akinitazama mimi. Mimi! Kama mtu anayezama anavyomtazama aliye ukingoni.

Tulimteremsha mjini kwa pikapu ya mtu anayekusanya maziwa. Wifi anasali kwa Kimaasai, mimi nimemshikilia mume wangu ameketi, maana akilazwa anakabwa. Njia nzima sikusali. Ningemwambia Mungu nini?

Wakamwekea hewa ya mtungi, wakamchoma sindano ya kutoa maji. Wakampima uzito. Kilo sabini na tatu.

Mkwe akafika anakimbia, nguo za ofisini, kitambulisho kinaning'inia shingoni, kiatu kimoja kimefunguka. Mwanangu nyuma yake. Kabla hajafika mlangoni wifi akamkinga.

"Umefurahi sasa?"

"Shangazi, shikamoo. Baba yukoje?"

"Usiniamkie! Umemnyima kaka yangu chumvi mpaka amekosa nguvu. Mtu gani anakula chakula cha mgonjwa miezi yote hii? Mzani, mzani, kila siku mzani, yeye ni gunia la kahawa? Nyie watu wa kule mnajua kupima tu!"

"Shangazi, daktari ndiye..."

"Daktari amemzaa?"

Watu kwenye benchi wamegeuka. Mwanangu anaangalia sakafu. Mkwe machozi yanamlenga, ananitazama mimi, anangoja mama mkwe aseme neno moja tu.

Nilinyamaza.

Na nitasema lote, kwa kuwa nimeamua kusema. Mahali fulani ndani yangu, kona ndogo, palifurahi. Mume wangu yuko ndani anapigania pumzi, na mimi kona ndogo inafurahi kwamba Mchaga leo amepatikana. Mungu wangu! Hiyo ndiyo dhambi yenyewe. Magadi ni mtoto wake tu.

Daktari akatoka, si yule wa kliniki, mwingine, mama mtu mzima mwenye miwani. Akaomba daftari la kilo. Mkwe akampa lile la mkobani, kilo za leo hajaziandika bado. Akapitisha kidole kwenye ukurasa, akakunja uso.

"Jana asubuhi sitini na nne. Leo sabini na tatu. Nani anaandika hizi?"

Mkwe akanitazama. Mara moja tu. Na hapo nikajua amejua. Ndani ya jicho lile nilimwona anajumlisha kila kitu, simu zote, hongera zote.

"Ni mimi, daktari," akasema. "Labda mzani umeharibika. Niliununua mimi."

Alinificha. Mwanamke niliyemwacha atukanwe mbele ya benchi zima, alinificha!

Daktari akatikisa kichwa. "Kama mzani ni mzima, basi jambo limetokea ghafla tangu jana. Sijaridhika. Labda damu imeganda mahali, labda mshipa umeziba. Itabidi tumpeleke hospitali kubwa leo hii akapimwe zaidi, ingawa kwa pumzi hizi safari yenyewe ni hatari. Lazima nijue. Ni ghafla, au ni taratibu?"

Ningenyamaza, wangempakia kwenye gari. Mume wangu, na pumzi ile, barabarani, wakitafuta kitu ambacho mimi nakijua kiko kwenye kikopo juu ya kabati langu.

"Taratibu," nikasema.

Wote wakageuka.

"Ni taratibu, daktari. Siku kumi na moja. Mzani ni mzima. Alikuwa sitini na sita, sitini na saba, sitini na nane, juzi sabini, jana sabini na moja na nusu. Mimi nilikuwa nasema sitini na nne. Na nilikuwa namwekea magadi."

Wifi akamwita mama yake kwa Kimaasai, "Yeyo wangu!" akakaa chini kwenye sakafu. Mwanangu akaniita, "Mama?" kama vile ananiuliza jina. Daktari hakunifokea. Alinitazama juu ya miwani, akasema, "Asante kwa kusema," akageuka akaingia ndani haraka. Asante! Neno lile nalisikia mpaka leo.

Hawakumpeleka mbali. Walikaza dawa ya maji, wakatuliza mapigo, na siku ya tatu mume wangu akaweza kuongea bila kuirudia ile barakoa ya hewa kila neno. Nikaingia peke yangu. Nikamwambia yote, nimesimama, kama mtoto mbele ya mwalimu.

Akaisogeza barakoa pembeni.

"Magadi nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Mwanamke wewe, nimekula magadi tangu nina meno ya utoto, nisiyajue? Nilijua siku ya kwanza." Akapumua kwanza. "Nilikuona umefurahi. Unaimba jikoni. Nikasema acha, nile."

"Na ulivyokuwa unavimba?"

"Nilitegemea kilo." Akapumua tena. "Nikasema, yakizidi, mzani utasema. Paker atapiga kelele, tutaacha. Kila siku nasikia unasema sitini na nne, nikajua basi, moyo wangu unayaweza."

Nilikaa chini.

Unaelewa alichosema? Alikula ili mimi nifurahi, na alichotegemea kumlinda ni namba niliyokuwa naitoa mimi mdomoni. Nilikuwa namwonea wivu mtu mwingine kwa sababu nadhani mume wangu hanijali. Kumbe ananijali kiasi cha kula sumu sahani nzima, akaniachia mimi nimwambie lini aache!

Hakufa. Alitoka baada ya wiki tatu. Lakini moyo, daktari alituambia, kila unapozama namna ile haurudi pale ulipokuwa. Zamani alikuwa anatoka zizini mpaka mlangoni kwa kusimama mara mbili. Sasa anatoka kitandani mpaka kwenye kiti, basi, siku imeisha. Ng'ombe wamehamia kwa mwanangu mkubwa. Siku walipotolewa zizini alisema afunguliwe dirisha, halafu akasema lifungwe.

Na anakaa Njiro. Nilichokiogopa nimekileta kwa mikono yangu mwenyewe. Naenda Jumanne na Ijumaa, nakaa kwenye kochi, naletewa chai.

Wifi nilimwita mbele ya ndugu wote nikamwambia amwombe mkwe msamaha, na mimi nikaomba kwanza, nimesimama. Mkwe akasema, "Yameisha, Mama." Ni mtu mwenye adabu. Lakini nikifika pale, kopo la chumvi la nyumba ile linaondoka jikoni, linakwenda chumbani kwake. Hasemi kitu, analichukua tu anapita nalo chini ya khanga. Anadhani sioni. Ana haki. Mimi ningekuwa yeye, ningefunga na jiko.

Wivu umeisha? Haujaisha! Wakiitana Paker bado kiungulia kinanipanda. Juzi alimbonyeza mguu tena, wakacheka tena, nikaumia tena. Ila safari hii nilisogea karibu nikainama kuangalia kama shimo limebaki. Halikubaki. Nikasema asante Yesu, kwa sauti, wakanishangaa wote.

Wewe unayesoma, mama mkwe mwenzangu, dada, mke mkubwa, yeyote mwenye mgonjwa wa moyo ndani ya nyumba. Wivu ukikushika, kasirika. Nuna. Wafokee kuku. Msusie mkwe salamu ukitaka, Mungu atawapatanisha. Lakini usiutie kwenye sahani ya mgonjwa. Chumvi ni chumvi, magadi nayo ni chumvi, hata kama aliyekuambia ni mtu usiyependa hata sauti yake.

Na ukiulizwa kilo, taja kilo. Zikipanda, sema zimepanda. Kama anayekuuliza humpendi, mtajie upesi zaidi, maana huyo ndiye utakayetamani kumdanganya.